Mizani Haimuulizi Mtu Jina

Je, mtu mwenye gari lake mwenyewe, asiyechukua abiria wa kulipa wala mzigo wa biashara, analazimika kusimama kwenye mizani ya barabara kuu? Swali hili linaulizwa na wananchi wengi, na wakazi wa visiwa hivi wanaovuka bahari na kuendesha magari Bara nao ni miongoni mwa waulizaji. Analiuliza mwenye gari la shamba, analiuliza mwenye basi dogo la familia, na analiuliza mgeni aliyekuja kutoka ng'ambo na gari ambalo ndani yake mna kitanda, jiko na tangi la maji. Majibu yanayotolewa njiani ni mengi. Huyu husema mizani ni ya malori tu. Yule husema ni ya kila chenye magurudumu. Wa tatu husema inategemea umemkuta nani zamu. Jibu hilo la tatu ndilo lililotufanya leo tushike kalamu, kwani sheria inayotegemea nani yuko zamu haijastahili bado kuitwa sheria.

Tuanze na maandishi yenyewe. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania Bara ilianza kuitekeleza tarehe 1 Machi 2019, imeweka mpaka ulio wazi. Gari lenye uzito wa jumla wa kilo 3,500 au zaidi, yaani tani tatu na nusu, hapana budi lifikishwe kwenye mizani likapimwe. Sheria hiyo hiyo imeweka ukomo wa mzigo: tani 8 kwa ekseli ya usukani, tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi pacha, na tani 56 kwa gari zima pamoja na tela zake, hata liwe refu namna gani. Ukitazama kwa makini utaona kwamba kipimo kilichochaguliwa ni uzito. Kipimo hicho hakikuwa rangi ya namba ya gari, wala kazi ya mwenye gari, wala sababu ya safari yake.

Basi jibu la swali letu ni fupi. Gari binafsi lisilofika tani tatu na nusu lipite salama, na asitokee mtu wa kulisumbua. Gari binafsi lililofika kiwango hicho lisimame, hata kama limebeba watoto wa mwenyewe wanaokwenda kumsalimu bibi yao. Basi dogo aina ya Coaster likishajaa abiria wake huvuka kiwango hicho. Gari la mgeni lililofanywa nyumba juu ya chasi ya lori nalo huvuka. Kadhalika gari la idara ya serikali lililobeba saruji ya mradi wa maendeleo. Wote hao ni sawa mbele ya mizani.

Tunajua kwamba jibu hili halitawapendeza wote, na ni haki hoja zao zisikilizwe. Mwenye gari binafsi husema: mimi sifanyi biashara, sipati faida kutokana na barabara hii zaidi ya kupita, kwa nini nipange foleni moja na wenye malori? Mgeni husema: gari langu ni nyumba yangu, halibebi bidhaa, na uzito wake leo ni ule ule wa jana. Hoja hizi si za kipuuzi, nazo hazikuzaliwa hapa kwetu.

Huko Marekani, ambako jamaa nyingi humiliki nyumba za magurudumu na kuzunguka nazo nchi nzima, swali hili ni la miaka mingi. Tangu mwaka 1974 sheria ya nchi ile imeweka ukomo wa ratili 80,000 kwa gari zima kwenye barabara zake kubwa, kiasi cha tani 36, na ratili 20,000 kwa ekseli moja, kiasi cha tani 9. Lakini juu ya nani aingie kwenye mizani na nani apite, kila jimbo lina utaratibu wake. Majimbo mengine hutaja magari ya biashara tu, na mengine hutazama uzito bila kujali biashara. Matokeo yake ni kwamba msafiri mmoja, na gari lile lile, anaweza kuwa amesamehewa asubuhi na analazimika jioni, kwa sababu tu amevuka mpaka wa jimbo. Nyumba kubwa za magurudumu hufika tani 20 na kuzidi, huku mwendeshaji akiwa mzee aliyestaafu ambaye hajapata kuendesha lori maishani mwake.

Hata hivyo katika nchi hiyo hiyo kuna jambo la kutufunza. Wenye nyumba hizo walio na busara hawangoji kulazimishwa. Huingia wenyewe kwenye vituo vya mafuta vya malori vyenye mizani ya kulipia, wakatoa fedha zao mfukoni, wakapimwa. Wanajua kwamba tairi iliyochukua kuliko uwezo wake hupata moto na kupasuka, na kwamba breki zilizotengenezwa kwa mzigo mdogo haziwezi kulizuia gari zito kwenye mteremko. Aliyejaza maji matangini, akaongeza jenereta, mafuta ya akiba na masanduku juu ya paa, hawezi kujua kwa macho gari lake limefika wapi. Mizani kwake ni sawa na daktari. Humwambia habari ya mwili wake ambayo yeye mwenyewe haioni.

Sisi wa Afrika Mashariki tumechagua njia iliyo bora kuliko ile ya majimbo yanayotofautiana. Tumechagua kanuni moja kwa nchi wanachama, na kanuni yenyewe ni namba. Kazi iliyobaki ni kuitii na kuitekeleza.

Wako wanaouliza: kwani tani moja au mbili zina nini? Barabara si imejengwa kwa ajili ya magari? Hapa inafaa tuwakumbushe wasomaji uchunguzi uliofanywa karibu na mji wa Ottawa, katika jimbo la Illinois, kati ya mwaka 1958 na 1960. Wahandisi walijenga vipande vya barabara kwa makusudi, wakaendesha malori yenye mizigo tofauti usiku na mchana, wakapima namna lami inavyoharibika. Walichokiona ndicho kinachoongoza wahandisi wa barabara duniani mpaka leo: madhara hayaongezeki sawasawa na uzito. Huongezeka kwa kadiri ya uzito wa ekseli uliozidishwa kwa wenyewe mara nne.

Tuieleze kanuni hiyo kwa hesabu ambayo mtoto wa shule anaweza kuifuata. Ekseli ya tani 10 ikiongezewa mzigo ikawa tani 12, uzito umeongezeka kwa sehemu moja ya tano tu, lakini madhara kwa barabara yamekuwa mara 2. Maana yake ni kwamba barabara iliyojengwa ili idumu miaka 20 itakufa kwa miaka 10 ikiwa kila ekseli itafanya hivyo. Na deni la kuijenga upya halitalipwa na mwenye lori. Litalipwa na mkulima, mvuvi, mwalimu na mjane anayenunua sukari dukani.

Hesabu hiyo hiyo humwondolea lawama mwenye gari dogo. Ekseli ya gari dogo hubeba kiasi cha nusu tani. Ukiilinganisha na ekseli ya lori ya tani 10, utaona kwamba ile ya lori huiumiza barabara mara 160,000 zaidi. Ndiyo maana sheria haikutaka gari dogo lipoteze wakati wake kwenye mizani, na haki hiyo iheshimiwe. Lakini chukua gari la nyumba la mgeni wetu, lenye tani 6 juu ya ekseli yake ya nyuma. Gari hilo halifikii lori, ni kweli, lakini huumiza barabara zaidi ya mara 20,000 kuliko lile gari dogo. Mwenye gari hilo hawezi kusema kwamba yeye na mwenye gari dogo ni kitu kimoja kwa kuwa wote wawili hawafanyi biashara. Barabara haijui biashara. Inajua kile kilichoikanyaga.

Nchi yetu imekwisha kuonja ugumu wa jambo hili. Mwezi Oktoba 2013, Wizara ya Ujenzi, iliyokuwa wakati huo chini ya Hayati John Magufuli, iliondoa msamaha wa asilimia 5 waliokuwa wakipewa wenye magari yaliyozidisha mzigo. Wenye malori na mabasi waligoma. Abiria walikwama vituoni na mizigo ikasimama njiani. Waziri Mkuu wa wakati huo, Ndugu Mizengo Pinda, akaagiza msamaha huo urejeshwe. Hatuandiki haya ili kufufua ugomvi uliopita. Tunayaandika kwa sababu asilimia 5 huonekana ndogo, lakini ukiipitisha kwenye ile hesabu ya Illinois inakuwa zaidi ya asilimia 21 ya madhara. Tena inaonyesha tabia ya binadamu: msamaha ukishazoeleka huitwa haki, na siku ya kuuondoa huonekana kuwa dhuluma.

Hiyo ndiyo sababu kubwa inayotufanya tupinge misamaha inayotazama mwenye gari badala ya gari. Tukisema magari binafsi yasisimame, ni nani atakayeamua lipi ni binafsi? Mfanyabiashara mwenye tani 7 za vitunguu ataandikisha gari kwa jina la mkewe na kusema anahamisha vyombo vya nyumbani. Tukisema wageni wa utalii wasisimame, yatatokea malori yenye picha ya twiga ubavuni na magunia ndani. Tukisema magari ya serikali yasisimame, tutakuwa tumewafundisha madereva wa serikali kuwa wachukuzi wa siri. Kila mlango wa msamaha unaofunguliwa huhitaji mlinzi wa kuamua nani aingie, na mlinzi huyo ni binadamu mwenye mshahara mdogo, aliyesimama juani na usiku wa manane. Yule dereva anayeshuka na kuanza maneno, "Mzee, mimi gari yangu ni binafsi, tuelewane," hakumwita mtumishi huyo kwenye sheria. Amemwita kwenye rushwa. Kanuni ya uzito humwokoa mtumishi mwaminifu na mtihani huo, maana humwezesha kujibu neno moja: panda mizani, namba itasema.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanaweza kudhani kwamba haya ni mambo ya Vigwaza, Mikese, Makambako na Mpemba, mbali na ng'ambo yetu hii. Sivyo. Mchele, viazi, vitunguu na maharage tunayopakua bandarini vilipita juu ya barabara hizo kabla ya kufika Dar es Salaam. Barabara ikiharibika, nauli ya lori hupanda, na bei hupanda nayo mpaka sokoni Darajani na Chake Chake. Isitoshe, tunazo barabara zetu wenyewe, zilizo chini ya mamlaka yetu wenyewe, na juu yake hupita malori ya mchanga, kifusi na mawe yanayokwenda kwenye majengo ya hoteli na majumba ya ghorofa. Kisiwa ni kidogo na ardhi yake haiongezeki. Barabara iliyovunjwa hapa haina nyingine ya kuipokea kazi.

Tena ikiwa kuna watu wasiohitaji kufunzwa maana ya uzito, ni sisi watu wa visiwani. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikiwa njiani kwenda Pemba. Ilikuwa imeandikishwa kubeba watu wasiofika 700, na ndani yake walikuwamo zaidi ya 2,000. Miaka saba baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria. Kivuko hicho kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101, na waliokufa peke yao walizidi 220. Katika misiba yote miwili abiria hawakuwa wafanyabiashara wa hatari. Walikuwa watu wa kawaida wanaorudi makwao, wengine na mizigo ya sokoni na wengine na watoto mgongoni. Maji hayakuwauliza kama safari yao ilikuwa ya biashara au ya nyumbani.

Tofauti ya bahari na barabara ni kwamba bahari hudai deni lake usiku huo huo, na barabara hukopesha. Lori lililozidisha leo hupita, na kesho hupita tena, na hakuna anayelia. Shimo huja baada ya mvua ya tatu. Na katika shimo hilo siku moja basi la abiria hukwepa, likaonana uso kwa uso na gari jingine. Wakati huo hakuna anayemkumbuka yule aliyeambiwa asimame akasema yeye si wa kusimama.

Wazee wetu waliilea mizani kwa heshima. Kwenye chuo cha Kurani tulifunzwa mapema kwamba kupunja kipimo ni dhambi kubwa, na kwamba mizani ni amana aliyopewa binadamu. Katika msimu wa karafuu kule Pemba, mkulima hubeba gunia lake hadi kituo cha kununulia na kulipandisha juu ya mizani mbele ya macho ya watu. Hakuna aliyewahi kusema karafuu zake zisipimwe kwa kuwa yeye ni mtu mkubwa, au kwa kuwa mikarafuu yake ni ya urithi. Angesema hivyo wangemcheka. Iweje basi jambo ambalo hatumwachii mwenye gunia la karafuu tumwachie mwenye gari la tani tisa?

Baada ya kusema hayo juu ya wananchi, tungekuwa tumepunja kipimo sisi wenyewe kama tusingegeukia upande wa watendaji wa serikali. Mtu anayelazimishwa kusimama anayo haki ya kudai mambo manne.

Kwanza, aambiwe mapema. Kabla ya kila mizani pawe na kibao cha Kiswahili sanifu kinachosema kwa herufi kubwa kwamba magari yote ya kilo 3,500 na zaidi yaingie, yakiwamo ya binafsi, ya watalii na ya serikali. Mgeni avukaye mpaka na gari zito aelezwe hayo pale pale mpakani. Mtu hawezi kuadhibiwa kwa haki kwa kutojua jambo ambalo hakuna aliyemwambia.

Pili, asicheleweshwe. Foleni ya saa tatu hugeuza sheria njema kuwa adhabu kwa mtiifu. Kituo cha Vigwaza kina mizani inayopima gari likiwa kwenye mwendo, ili lisilo na shaka liendelee na safari na lenye shaka liitwe likapimwe upya. Utaratibu huo ndio unaopaswa kuenea. Na pale ambapo haujafika, si vigumu kutenga njia ya mabasi na magari binafsi, ili mama mwenye mtoto mgonjwa asikae nyuma ya malori 40 ya shaba.

Tatu, aone namba. Kipimo kisomeke na dereva pia, si mtumishi peke yake aliye ndani ya kibanda, na tozo yoyote itolewe stakabadhi. Mizani yenyewe ikaguliwe kwa wakati wake, maana mizani mbovu ni mbaya kuliko kukosa mizani.

Nne, na hili ndilo kubwa, magari ya viongozi na idara za serikali yaliyofika uzito huo yasimame mbele ya macho ya watu. Ikiwa gari la wizara litapigiwa saluti likapita na tani zake 9, maneno yote tuliyoandika hapa hayana thamani. Wananchi husoma tabia ya viongozi wao upesi kuliko wanavyosoma Gazeti la Serikali. Kiongozi mmoja akiketi dakika tano ndani ya gari lake akingoja kupimwa kama watu wengine, atakuwa amefanya kazi ya semina kumi.

Kwa upande wa visiwa vyetu, tunawaomba wenye dhamana ya barabara waifikirie kanuni hii ya uzito kwa barabara za hapa, hasa zile zinazotumiwa na malori ya mchanga na mawe. Kazi hiyo isingojewe mpaka lami mpya ianze kumomonyoka. Na itakapoanza, ianze kwa kila gari zito bila kuulizana ni la nani, maana katika nchi ndogo kila mtu ni ndugu wa mtu, na udugu ukiingia kwenye mizani, mizani imekufa.

Kwa wenye magari binafsi tunasema hivi. Gari lako ni mali yako, na hakuna anayekunyang'anya. Lakini barabara si yako peke yako. Imejengwa kwa fedha za watu ambao wengi wao hawatamiliki gari maisha yao yote, nao wanaipita kwa miguu, wakiwa na kuni au ndoo ya samaki kichwani. Hao ndio wenye barabara. Unapoombwa usimame dakika chache ili ijulikane umeikanyaga kwa uzito gani, aliyekuomba ni wao, na mtumishi wa mizani amewasemea tu. Simama, upimwe, uende zako kwa amani.